Mzigo Umeingia

Ujumbe uliingia saa moja kasorobo asubuhi, hata uso sijanawa. "Mzigo umeingia. Ex-UK, safi. Wahi uchague." Chini yake kulikuwa na picha: laptopu kama thelathini hivi, nyeusi na za kijivu, zimelazwa mezani kwa mistari kama samaki wa mnada. Niliivuta ile picha kwa vidole viwili mpaka ikawa ukungu mtupu, nikitafuta kitu ambacho picha haiwezi kukuonyesha: nani alikuwa nazo kabla yangu, na kwa nini aliziacha.

Duka liko Malindi mjini. Mimi niko Kakuyuni, upande wa bara, kwenye barabara ya kuelekea Sala Gate, ile inayokupeleka Tsavo. Kazi yangu ni kusikiliza. Natumiwa rekodi za sauti, nyingi za wazee wakizungumza Kigiriama, naziandika neno kwa neno, kisha naziweka kwa Kiswahili. Nalipwa kwa dakika ya rekodi, si kwa saa ya jasho. Na dakika moja ya mzee anayekohoa huku kuku wanapita nyuma yake yaweza kukula robo saa.

Mashine niliyokuwa nayo ilikuwa na kilo mbili na nusu na ushee. Chaja yake peke yake ungeweza kuegemezea mlango. Betri ilishakufa kitambo, kwa hivyo stima ikipotea, kazi nayo inapotea. Mara mbili tatu kwa wiki nilikuwa naifunga kwenye begi, napanda boda, naenda Malindi kutafuta umeme na mtandao wa kuaminika. Jioni narudi na bega moja liko chini kuliko jingine. Hawe, yaani nyanya yangu, alinitazama siku moja nikishuka kwenye pikipiki akaniuliza kama siku hizi nimeajiriwa kubeba mawe.

Mwezi wa pili stima ilikatika nikiwa sijahifadhi kazi ya siku nzima. Mteja hakugomba. Alinyamaza tu, na rekodi zilizofuata akampa mtu mwingine. Hapo ndipo mama alipouza mbuzi wawili, akakopa kwenye chama chake, tukafikisha shilingi elfu thelathini na nane. Alinikabidhi akasema neno moja: "Uliza kwanza."

Basi nikauliza. Kwa wiki mbili nilisoma maoni ya wanunuzi wa laptopu nyepesi za kiofisi, zile ambazo kampuni za ng'ambo huwapa mameneja na mawakili wao, kisha zikichoka zinakuja kwetu. Nikasikiliza na watu wa hapa waliozinunua. Nilichogundua ni kwamba watu walikuwa wanaizungumzia mashine moja lakini si maisha mamoja. Na nikajikuta nafuata swali ambalo halikuwa la bei hata kidogo: huu wepesi tunaoulipia ulitoka wapi, na ni nani aliyekuwa akiubeba uzito kabla haujapunguzwa?

*

Nianzie nyumbani. Leo mfanyabiashara akisema "mzigo umeingia", anamaanisha bidhaa mpya. Lakini kabla mzigo haujawa kitu cha kuchagua dukani, ulikuwa kitu cha kutwikwa mtu kichwani.

Enzi za misafara, mpagazi wa Afrika Mashariki alibeba ratili 60 hadi 70, karibu kilo 30. Pembe, nguo, shanga, vyakula. Serikali ya wakoloni ilipokuja, iliirithi njia hiyo hiyo ya usafiri. Afisa akienda kukagua eneo, ofisi yake ilitembea naye: meza ya kukunja, kiti, sanduku la makaratasi, hema. Yeye mwenyewe alitembea mikono mitupu. Ukitazama vizuri, ile ilikuwa ofisi nyepesi kupita zote. Ilikuwa nyepesi kwa aliyeitumia, manake mwingine ndiye aliyeibeba.

Huku kwetu hilo si hadithi ya mbali. Arthur Champion aliletwa kwa Wagiriama mwaka 1912 kusimamia kodi na kutafuta vijana wa kufanya kazi kwenye mashamba na kwengineko. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza akazunguka akiwaapisha watu wasitoe hata kijana mmoja. Agosti 1914 Waingereza wakailipua Kaya Fungo, na vita vikaanza. Vilipokwisha, masharti ya amani yalikuwa faini ya rupia 100,000, pamoja na wanaume 1,000 wa kwenda kubeba mizigo ya jeshi katika Vita Vikuu vya kwanza. Yaani kati ya vitu vyote ambavyo mshindi angeweza kudai kwetu, alidai pesa na mabega.

Kikosi chenyewe kiliitwa Carrier Corps. Wenyeji wakakiita Kariakoo. Jina hilo limebaki Dar es Salaam, na Nairobi limebaki Kariakor. Na mahali hapo pawili leo ni nini? Masoko. Kariakoo ya Dar ni mahali ambapo ukitaka simu, chaja au laptopu, unakwenda. Neno lililotokana na watu waliobebeshwa mizigo mpaka wakafa kwa maelfu, leo ni anwani ya kununulia kitu kwa sababu ni chepesi. Sisemi hivyo ili ujisikie vibaya ukinunua kava la simu. Nasema tu kwamba historia ya wepesi haianzii kiwandani.

*

Na ukidhani teknolojia ilifika kaunti yetu juzi na vibanda vya M-Pesa, nikupeleke Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Pale baharini Waitaliano waliweka majukwaa ya San Marco, na kuanzia mwaka 1967 wakawa wanarusha setilaiti kutoka kwenye maji yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, NASA ilirusha kutoka pale setilaiti ya kwanza kabisa duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kupima miale ya eksirei kutoka angani. Wakaiita Uhuru, kwa heshima ya siku hiyo. Ilikuwa na kilo 140 hivi.

Kwa nini waje mpaka Ngomeni? Kwa sababu ya uzito. Karibu na ikweta dunia inazunguka kwa kasi zaidi, kwa hivyo roketi inayoelekea mashariki inapata msukumo wa bure. Inaweza kubeba zaidi, au kutumia mafuta kidogo. Wahandisi wa anga walijua mapema kile ambacho mwenye begi atakuja kukijua baadaye: kila kilo ina bei, na mtu yuko tayari kuvuka bahari ili aipunguze.

Lakini kompyuta zenyewe wakati huo zilikuwa hazibebeki. Zilikaa chumbani kwake kama mgeni wa heshima, na watu ndio waliozifuata. Ndoto ya kuipakata ilikuwa ndoto tu. Na neno kupakata nalipenda. Shuleni tulifundishwa "kipakatalishi", tukacheka, kwa sababu steji kila mtu anasema laptopu. Tanzania wao husema kompyuta mpakato. Ila sikiliza neno lenyewe: unapakata mtoto. Unamweka mapajani, unamshika asianguke. Hakuna anayepakata gunia.

Mashine ya kwanza kuuzwa kwa wingi kama kompyuta ya kubeba ilikuwa gunia. Osborne 1, mwaka 1981, dola 1,795, kilo 11. Skrini yake ilikuwa inchi 5, ndogo kuliko ya simu uliyoshika sasa hivi. Haikuwa na betri. Ukifika unakokwenda unatafuta soketi, kama mimi na begi langu Malindi. Ilifungwa kama cherehani ya sandukuni, ikawa na mpini. Na bado watu waliinunua kwa fujo.

Hapa ndipo nafikiri jambo kubwa lilitokea, na halizungumzwi sana. Kwa mara ya kwanza, mwenye ofisi alibeba ofisi yake mwenyewe. Hakuwa na mpagazi, hakuwa na karani wa kumfuata. Alikuwa na kilo 11 mkononi na korido ndefu ya uwanja wa ndege mbele yake. Na alipobeba mwenyewe, akaanza kulalamika. Mimi naamini wepesi haukuvumbuliwa na mhandisi. Ulivumbuliwa na bega la mnunuzi.

*

Kuanzia hapo, historia yote ya hizi mashine ni mabishano kati ya mnunuzi na mtengenezaji: nipunguzie nini, na uniondolee nini?

Mwaka 1982 ikaja GRiD Compass, ile ya kwanza kufungika kama kitabu, skrini ikilalia kibodi. Ganda lake lilikuwa la magnesi, uzito kilo 5 hivi. Bei ilikuwa dola 8,150. NASA waliipeleka angani, na jeshi la Marekani likainunua. Mtu wa kawaida aliisikia tu. Toshiba wakaleta T1100 mwaka 1985, kilo 4 hivi, wakaanza kuiuza Ulaya. Oktoba 1992 IBM wakatoa ThinkPad 700C, nyeusi tii, umbo lililochorwa na Mjerumani Richard Sapper akiwaza kisanduku cha Kijapani cha chakula, na katikati ya kibodi kitone chekundu cha kuongozea mshale. Karibu kilo 3. Biashara hiyo ya IBM ilinunuliwa na Lenovo ya China mwaka 2005, na kitone hicho chekundu bado utakikuta kwenye mitumba ya Malindi.

Halafu ukaja mwaka 2008, mwaka wa mabishano makubwa. Januari, Steve Jobs alisimama jukwaani akatoa MacBook Air kutoka ndani ya bahasha ya karatasi ya kiofisi. Kilo 1.36. Ukumbi ukashangilia. Mwezi uliofuata Lenovo wakatoa ThinkPad X300, uzito karibu ule ule. Tofauti ilikuwa kwenye kile kilichotupwa. Air ilikuwa na tundu moja tu la USB, haina mahali pa kuingiza CD, haina tundu la waya wa mtandao, na betri yake mnunuzi hawezi kuitoa mwenyewe. X300 iliweka vyote hivyo: USB tatu, DVD, waya wa mtandao, betri ya kuchomoa.

Nani alishinda? Ukiangalia mashine zilizofuata, ile ya bahasha ndiyo iliyoshinda. Mwaka 2012 Lenovo wenyewe wakatoa X1 Carbon: ganda la nyuzi za kaboni, betri iliyofungiwa ndani, na RAM iliyolehemiwa kwenye bodi. Ukinunua na gigabaiti 4, utazikwa na gigabaiti 4. HP nao walikuwa mbioni, mpaka 2019 wakatoa Elite Dragonfly iliyoanzia chini kidogo ya kilo moja. Kilo moja, jamani. Pakiti ya unga ni nzito mara mbili.

Maoni ya wanunuzi wa kwanza wa mashine hizi nimeyasoma mpaka nayaota. Husifia kibodi. Husifia jinsi inavyoingia kwenye mkoba bila kujulikana. Hulalamika kwamba feni inapiga kelele kwenye mkutano, kwamba skrini inang'aa mno karibu na dirisha, kwamba kamera ni hafifu, kwamba lazima utembee na kiungio cha ziada ili kuunganisha projekta. Ni malalamiko ya haki. Lakini kuna swali ambalo wengi wao hawaulizi kabisa: mwaka wa tano itatengenezwa vipi? Hawaulizi kwa sababu mwaka wa tano hawatakuwa nayo. Kampuni ndiyo iliyoinunua, kampuni ndiyo itakayoichukua baada ya miaka mitatu minne na kuwapa nyingine. Mwaka wa tano ni wangu mimi.

*

Namna mashine ya meneja wa Uingereza inavyofika steji ya Kakuyuni pia ina historia yake.

Mpaka 2009 hata ungekuwa na laptopu, ungeitumia kuchapa barua na kucheza karata. Intaneti ilipitia setilaiti, ghali na ya kobe. Mwaka huo waya za chini ya bahari zikafika Mombasa: TEAMS kutoka Fujairah, na SEACOM ikaanza kazi Julai. Ghafla kompyuta ikawa kitu cha kukuingizia riziki. Mwaka 2010 Bodi ya ICT ya Kenya ikaanzisha mpango wa Wezesha, ambao ulimpa mwanafunzi wa chuo kikuu ruzuku ya dola 120 anunue laptopu. Mwaka 2013 serikali mpya ikaingia na ahadi ya laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza; ahadi ikapita mahakamani na kwenye zabuni, na mwaka 2016 ikatoka ikiwa tableti. Mwaka huo huo wa 2013, Sheria mpya ya VAT ikaziweka kompyuta chini ya kodi ya asilimia 16. Mkono mmoja unaahidi, mwingine unakata.

Basi watu wakajitegemea, kama kawaida. Laptopu zilizomaliza zamu maofisini Ulaya zikawa zinafungwa kwa mamia, zinapakiwa, zinashuka Mombasa na Nairobi, zinafutwa vumbi na kuuzwa robo ya bei. "Ex-UK" likawa jina la sifa, kama vile kwenye nguo mtumba wa kamera unavyosifiwa. Karibu kila kijana ninayemjua mwenye kazi ya mtandaoni huku Kilifi alianzia hapo.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft wakaacha kuisaidia Windows 10. Windows 11 kwa kawaida inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au baada ya hapo. Mpaka huo uliochorwa mbali sana na sisi ulibadilisha meza za Malindi. Mashine za kizazi cha sita na cha saba zikashuka bei, na muuzaji akikwambia "hii nakufanyia bei ya urafiki", mara nyingi urafiki wenyewe ni huo. Bado zinafanya kazi, ndiyo, na ukiweka Linux zitakwenda miaka. Lakini mteja anayekutaka uwe na programu fulani hataki kusikia hadithi ya Linux.

*

Sasa niseme la aibu yangu. Hii haikuwa mara ya kwanza kununua.

Mwaka jana nilikuwa na akiba yangu, elfu ishirini na mbili. Nikaagiza kwa muuzaji mmoja wa Nairobi, laptopu nyembamba, nyepesi, nzuri kama sinia la shaba. Kwanza ilipotea. Kuna Kakuyuni nyingine Machakos, na mzigo wangu ukaenda kusalimia Ukambani siku tisa. Ulipofika nikafurahi wiki tatu. Siku ya ishirini na mbili niliizima, nikaiwasha, ikaniomba paswadi kabla hata haijaanza. Si yangu. Chini ya skrini kulikuwa na mstari uliosema mashine hii ni mali ya kampuni fulani ya ng'ambo. Muuzaji akawa hapatikani.

Niliipeleka kwa fundi wa Malindi, mzee wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akaigeuza, akatafuta skrubu, akatikisa kichwa. "Mwanangu, hii ina kufuli la kampuni. Nikiivunja, naiharibu bodi. RAM imelehemiwa, kila kitu kimelehemiwa. Hapa hakuna hata kipuri cha kukuuzia wewe upate nauli." Akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha mtoto wa watu.

Ndiyo sababu mama alisema uliza kwanza. Na hao niliowauliza nitakupa maoni yao, kwa sababu nao ni wanunuzi.

Dereva wa boda anayenibeba: "Dada, mimi sijali uzito, najali umbo. Begi likikaa bapa mgongoni, tunaenda sawa. Likivimba, ukivuta nyuma kwenye shimo, tunaanguka wote."

Binamu yangu wa Chuo Kikuu cha Pwani ana ile nyepesi, kilo moja na gramu mia moja na kitu. Aliinunua na RAM ya gigabaiti 8. "Bro, naipenda, sidanganyi. Lakini nikifungua video na vichupo kumi, inapumua kama mzee aliyepanda ngazi. Na hapa nilipo ndipo mwisho, siwezi kuongeza." Ananiita bro, mimi dada yake mkubwa. Nimeshazoea.

Shangazi, mweka hazina wa kile chama, hajawahi kununua laptopu lakini ndiye aliyetoa mkopo. Yeye aliuliza swali moja tu: "Ikiharibika, pesa zetu zinakwenda na yote, au na kipande?"

Nilipolipeleka swali hilo kwa fundi, alicheka mpaka akavua miwani. Akasema huyo shangazi anafaa kuajiriwa kiwandani.

*

Siku ya kununua nilifika kabla duka halijafunguliwa. Niliziomba mbili, zote za 2018, zote kizazi cha nane. Ya kwanza X1 Carbon, kilo 1.13, imechakaa pembe lakini maridadi. Ya pili ThinkPad T480, kilo 1.6 hivi, nene, ya kawaida kama sufuria. Bei zilipishana kidogo tu, ile nyepesi ikiwa juu.

Nilizibeba zote mbili. Tofauti yao ni pungufu kidogo ya nusu ya sukari. Nusu ya sukari siyo utani ukiwa nayo mgongoni kila siku, na nilipoishika ile nyepesi mkono wangu ulitaka kubaki nayo. Sitajifanya shujaa. Wepesi ni mtamu.

Lakini nilikuwa nimejifunza kwamba uzito wa mashine hauishii kwenye mizani. Safari ya kwenda kwa fundi ni uzito. Nauli ni uzito. Siku mbili bila kazi ukingoja kipuri kutoka Nairobi ni uzito, tena huo haugawanywi na boda. Ile ya kilo 1.13 ilipunguziwa uzito kiwandani kwa kuondolewa vitu ambavyo mwenyewe wa kwanza hakuvihitaji, na uzito huo haukupotea. Ulisubiri mnunuzi wa pili. Watu wa hapa kwetu tunalijua jambo hilo bila kuambiwa: mkubwa akitembea mikono mitupu, tafuta nyuma yake nani amejitwika.

T480 ina betri mbili, moja ndani na moja unaichomoa kwa nyuma bila kuizima mashine. RAM ina nafasi mbili, zote za kuchomeka. Fundi alikuja na bisibisi yake, akafungua kifuniko mbele ya muuzaji, akaangalia. Tukaingia kwenye BIOS, tukahakikisha haina paswadi wala jina la kampuni. Tukaizima kabisa, tukaiwasha, mara tatu. Muuzaji akakunja uso, akasema "nyinyi mnanunua laptopu au mnanunua shamba?" Fundi akamjibu, "Huyu ni mbuzi wawili na mkopo wa chama."

Nililipa elfu thelathini na tatu. Elfu tatu zikanunua betri ya ziada ya nyuma. Zilizobaki nilimrudishia mama.

Imepita miezi minne. Juzi stima ilikatika saa tatu usiku, nikiwa katikati ya rekodi ya mzee anayeeleza jinsi babu zake walivyohamishwa kutoka kaskazini ya Sabaki. Nilichomoa betri ya nyuma, nikaweka ya pili, mzee akaendelea kuzungumza bila kukatika. Nikamaliza saa saba kasoro. Bega bado linauma siku za Malindi, hilo silifichi.

Jirani yetu, kijana aliyemaliza chuo, amenijia anataka kununua na yeye. Anataka nyepesi. Sikumwambia asinunue. Nimempa maswali manne ya kwenda nayo dukani: ni kizazi cha ngapi, RAM inaongezeka, betri inatoka, na BIOS iko wazi. Halafu nikamwambia akishapata majibu, aiweke kwenye begi na chaja yake yote, avae, atembee mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, kabla hajatoa hata shilingi.